Mama Ulimboka na Upanga Ulioshikwa kwa Makali

Picha ilikuja kwenye simu Jumapili asubuhi, na Mama Ulimboka akaitazama mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa picha ya msiba wa watu wa mtaa wa Bertrams, hapa Johannesburg. Sufuria zimepangwa uani, watu wamejipanga na sahani zao za plastiki, na mbele ya sufuria kubwa ya nyama amesimama Clémentine, yule msusi Mkongomani, kilemba cha kitenge kimepanda juu kama mnara, mkononi upawa. Watu kwenye picha wanacheka. Msibani! Lini umeona watu wanaonyesha meno kwenye foleni ya msiba?

Aliikuza picha kwa vidole kama mjukuu wake Lerato alivyomfundisha, akautafuta ule upawa. Ulikuwa wenyewe. Mpini mrefu wa chuma, kichwa kipana cha kuchota kipande cha nyama pamoja na mchuzi wake. Upawa wake yeye. Amemwazimisha mtu, na mtu ameushika kana kwamba alizaliwa nao.

"Haya," aliiambia simu. "Chekeni. Chekeni tu."

Jina lake la ubatizo ni Evarista. Alizaliwa Inyala, karibu na Mbeya, akasoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wake mpaka leo umelala upande mmoja kama walimu walivyomfundisha, si huu wa vijana unaofanana na mahali kuku alipoparua. Akiwa msichana alipata kazi ya jikoni Mazimbu, kule Morogoro, ambako Waafrika Kusini waliowakimbia makaburu walikuwa na shule yao. Huko alijifunza kupikia sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Huko pia alimpata Obadia Motaung, fundi chuma, mtu mpole wa maneno machache, aliyemposa kwa kumfulia upawa kutoka kwenye boneti ya lori bovu.

"Wenzangu waliposwa kwa kanga," alizoea kuwaambia watu, kidevu juu. "Mimi niliposwa kwa chuma."

Wakimbizi waliporuhusiwa kurudi kwao, Obadia alimleta Johannesburg na watoto wao. Nyumba waliipata Rabie Ridge, upande wa Midrand. Siku zile Kiswahili mjini hapa kilikuwa cha kutafuta kwa tochi: wake wachache wa Kitanzania walioolewa na wakimbizi kama yeye, basi. Halafu wakaja Wakongomani, wakaja Warundi, wakaja Wakenya. Watu wakija, misiba nayo inakuja, na harusi. Nani atapika? Walitazamana, kisha wote wakamtazama Mama Ulimboka. Umoja wa akina mama ulizaliwa uani kwake, na tangu siku hiyo upawa wa nyama haukutoka mkononi mwake.

Msomaji ambaye hajawahi kugawa nyama kwenye shughuli ataona ni kazi ya moshi na jasho tu. Akasimame pale siku moja. Atawaona watu wazima, wenye magari yao na tai zao, wanavyokuja wameinamisha shingo, macho yamefuata mkono wake: unazama kwenye mnofu au unazama kwenye mafupa? Mama Ulimboka alijua cheo cha kila nyumba. Wazee kwanza, na firigisi ni zao. Kisha wageni wa heshima, kisha wanaume, kisha akina mama, na watoto mwisho. Ng'ombe au kuku achinjwe na Khatibu, mume wa Mwatumu wa Fordsburg, ili Mwislamu na Mkristo wale sufuria moja. Na mwenye shughuli hashiki upawa. Aliyefiwa au anayeoza mtoto akae, ahudumiwe. Sheria hizo alizitunga yeye, na hakuna aliyezipinga, maana aliyepinga alijikuta anatafuna shingo.

Mwaka 2015 Obadia alifariki. Mwaka uliofuata nyonga ya Mama Ulimboka nayo ikagoma, akalazwa, akapasuliwa, akaambiwa asisimame kwenye sufuria mpaka apone kabisa.

Kila mtu alijua upawa utakwenda kwa nani. Mwatumu wa Fordsburg, Mtanga, muuza sambusa, alikuwa amesimama mkono wa kuume wa Mama Ulimboka tangu Umoja uanze. Yeye ndiye aliyepuliza moto, yeye ndiye aliyekoroga wakati mwenzake anapumua. Ulimi wake mkali, lakini mkono wake hauna mfano. Na hilo ndilo lililomnyima Mama Ulimboka usingizi pale hospitalini. Nikimpa Mwatumu, alijiambia, sitaupata tena.

Basi akamwita Clémentine.

Clémentine alikuwa msusi wa barabarani Marshalltown, mtu wa Lubumbashi, mgeni bado. Mikutanoni alikaa karibu na mlango. Akifungua mdomo Watanzania walikuwa wakibana vicheko, kwa sababu ugali aliuita bukari na kila kitu kwake "iko". Mama Ulimboka alimpima vizuri kabla ya kumpa. Huyu ataogopa, alijiambia. Ataunguza, atagawa hovyo, watu watakosana kwenye foleni, na kabla nyonga haijapona watakuja hapa kunililia nirudi.

"Mama, mi nitaweza kweli?" Clémentine aliuliza, ameupokea upawa kwa mikono yote miwili.

"Utaweza, mwanangu," alisema Mama Ulimboka, na moyoni alikuwa anaomba asiweze.

Akaweza.

Habari zilianza kuja kidogo kidogo. Clémentine ameanza kugawia watoto kwanza, ati mtoto mwenye njaa haombolezi, anasumbua. Baada ya watoto amewaita wale walinzi wanaokuja msibani moja kwa moja kutoka lindoni, na sare zao, macho mekundu. Wazee hawapangi foleni tena. Sahani zinawafuata walipoketi. Na kila anayefika mbele ya sufuria anaulizwa: "Tangu asubuhi umekula nini?" Ati watu wengine wanalia wakiulizwa hivyo. Mama Ulimboka aliposikia hilo la kulia alisonya mpaka muuguzi akageuka.

Wivu ulimwingia taratibu, kama maji yanavyopanda ukutani. Simu ikilia kwenye groupu la Umoja, moyo unaruka: wanasema nini kumhusu? Wakimtaja Clémentine, anaumia. Wasipomtaja, anafikiri wameunda groupu jingine la kumtaja huko. Alimsikia mtu kwenye ujumbe wa sauti akisema "nyama ya Clémentine", akaurudia ule ujumbe mara nyingi kuhakikisha kama mtu huyo alikuwa analamba vidole.

Nyonga ilipopona, alikwenda kwenye harusi moja na fimbo yake. Watu walisimama kumpokea. Walimpa kiti kizuri, penye kivuli. Kisha Clémentine mwenyewe akamletea sahani, amepiga goti kidogo, na juu ya wali imekaa firigisi.

Firigisi! Alijua vizuri maana yake, kwa sababu ni yeye aliyeitunga. Ile ni heshima ya mtu ambaye hana kazi tena. Aliila yote, na hakukumbuka ladha yake.

*

Septemba ya 2017 ilikuwa zamu ya Obadia. Wenyeji wa hapa hawamalizi msiba kwa kuzika. Muda ukipita wanaweka jiwe juu ya kaburi, wanalifunika blanketi, na siku hiyo ukoo wote unakusanyika kulifunua, ng'ombe anachinjwa, watu wanakula na kumsimulia marehemu. Umoja wote ungekuja Rabie Ridge. Mama Ulimboka aliamua kwamba siku hiyo ya jiwe la mumewe, uani kwake, upawa utarudi mkononi mwake. Kilichobaki ni kutafuta neno la kumwondoa nalo yule msusi, neno ambalo hatalisahau.

Alilipata kwenye duka la Mzee Geng.

Mzee Geng alikuwa na duka la sufuria na ndoo pembeni ya Fordsburg, na Mchina mwenye Kiswahili kama kile hujamsikia. Ujanani aliletwa Tanzania kuwa mkalimani wa wajenzi wa reli ya Tazara. Alikaa Mlimba, akakaa Makambako, na Kiswahili chake kilibaki cha enzi zile za ndugu na ujamaa. Baadaye alikuja huku na mwanawe. Sasa mwanawe ndiye aliyekaa kwenye kaunta, na mzee alikaa mlangoni kwenye stuli, kati ya mabeseni.

"Ndugu Evarista! Nyonga inasemaje?"

"Nyonga imenyamaza, Ndugu Geng. Moyo ndio unaopiga kelele."

Akamweleza yote: upawa, msusi, picha, firigisi. Mzee Geng alisikiliza, anatikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kisu cha jikoni kilichokuwa ndani ya ala yake ya plastiki, akakishika upande wa makali na kumwelekezea mama mpini.

"Kwetu jambo lako lina maneno manne," alisema. "Tai-e dao chi. Tai-e imeshikwa kinyume."

"Tai-e ni nani?"

"Upanga. Zamani sana, wanasimulia, mafundi Ou Yezi na Gan Jiang waliufua kwa ajili ya mfalme wa nchi ya Chu. Majirani wakautamani, wakauzingira mji wake mpaka chakula kikaisha. Mfalme akapanda ukutani, akauinua tu upanga, jeshi zima likatimua mbio."

"Huo naupenda."

"Ngoja. Miaka mingi ikapita. Ukaja utawala wa Han. Mfalme yupo kitini, lakini wajomba zake ndio wanaoamua, na kila mtu anaogopa kusema. Akatokea afisa mdogo wa wilaya, jina lake Mei Fu, akamwandikia mfalme. Akamwambia: wakumbuke Qin, waliotawala kabla yetu, walioiteka Chu na kuuchukua upanga wake. Waliwaziba midomo watu wao wenye akili. Aliyesema kweli waliita kusema kwake uchongezi. Waliwaogopa watu wao wenyewe kuliko maadui. Kufanya hivyo, alisema, ni kama waliishika Tai-e kwa makali na kuwaelekezea watu wa Chu mpini. Chu wakapokea, na Qin wakaisha. Mfalme asipoachia mpini, alisema, wakorofi hata wawe wengi, hakuna atakayethubutu kugusa makali."

"Na mfalme akasikia?"

"Hakusikia. Mei Fu akaacha kazi, akaacha hata nyumba yake. Wanasema baadaye alionekana mji wa mbali, amebadili jina, analinda geti la soko."

"Sekyuriti!"

"Sekyuriti kabisa, ndugu yangu. Kama hawa Wakongo wetu wenye digrii zao."

Walicheka wote wawili. Lakini Mama Ulimboka alikuwa ameshakamata alichokitaka. Chu! Wale waliopokea kitu cha watu kwa mpini na kuwageuzia wenyewe makali. Ndiye Clémentine huyo, na kilemba chake.

"Ndugu Evarista," Mzee Geng alianza taratibu, anamtazama mwanawe kule kwenye kaunta, "mimi mwenyewe unavyoniona kwenye stuli hii..."

"Nitachukua sahani zile za bluu," alisema Mama Ulimboka. "Zile imara."

*

Jumapili kabla ya kufunua jiwe, akina mama walikutana sebuleni kwake kupanga nani ataleta nini. Mama Ulimboka aliwaacha wanywe chai kwanza. Kisha akawasimulia upanga wa Tai-e.

Alisimulia vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimpandisha mfalme ukutani, akalitimua jeshi, akamweka Mei Fu getini na kofia ya ulinzi mpaka mama mmoja Mrundi akapiga makofi kwa furaha. Ila ile sehemu ya Qin kuwaogopa watu wao aliiruka. Haikuwa na ladha. Alipofika kwa watu wa Chu alipunguza sauti, akamgeukia Clémentine, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka na kikombe chake.

"Kwa hiyo Wachina wanajua," alisema. "Kuna watu unawapa mpini kwa wema, wao wanakugeuzia makali. Nasema tu. Mwenye sikio amesikia."

Clémentine aliweka kikombe chini. Mwatumu ndiye aliyekohoa.

"Hadithi tamu, dada. Ila mie kichwa changu kigumu, unielekeze. Hao Chu, huo upanga waliuiba?"

"Hawakuiba."

"Walinyang'anya?"

"Mwatumu, nimekwisha kusema. Walipewa."

"Ehee. Walipewa. Na nani?"

"Na hao Qin."

"Na hao Qin," Mwatumu alisema, anajipepea na upande wa mtandio wake, "hawakuwa na mtu wao wa kumpa? Mtu wanayemjua? Aliyepuliza nao moto mpaka nyusi zikaungua?"

Mama mmoja alificha uso kwenye kanga. Mwingine alishindwa, kicheko kikamtoka puani na chai.

"Mwatumu, usinianze nyumbani kwangu."

"Sijakuanza, dada, nauliza habari za Wachina. Ulilala pale hospitali ukanipita kama teksi inavyopita roboti ikiwasha taa nyekundu! Ulimpa huyu mtoto kwa sababu ulidhani ataunguza. Haya, hakuunguza. Sasa kosa ni lake?"

Sasa walicheka wote, hata waliokuwa wakijizuia kwa heshima. Mama Ulimboka alisikia joto limempanda mpaka masikioni. Katika watu wote duniani, alitamani Clémentine peke yake acheke, ili apate pa kumshikia. Clémentine hakucheka.

"Mama," alisema, macho chini, "mi sikukamata kitu ya mutu. Weye ulinipatia, mi nikafanya. Kama unaitaka, iko yako. Siku ya jiwe nitakuletea."

"Ulete," alisema Mama Ulimboka.

"Dada," Mwatumu alisema, na safari hii hakuwa na utani, "siku ya jiwe wewe ndiye mjane. Mwenye shughuli hashiki upawa. Sheria yako mwenyewe."

"Niliitunga mimi. Nitaikunja mimi."

*

Jumamosi ile makaburini kulikuwa na upepo wa vumbi. Walilifunua jiwe, wakaimba, Lerato akalia kwenye bega la bibi yake. Waliporudi Rabie Ridge hema lilikuwa limesimama barabarani mbele ya geti, na ng'ombe aliyechinjwa na Khatibu alikuwa anachemka uani tangu alfajiri, na wazee wa ukoo wa Motaung wananung'unika, kama kawaida yao, kwa nini mnyama wao achinjwe na mtu mwenye kofia ya Kiislamu.

Katika hema, mbele kabisa, palikuwa na kiti cha mjane na blanketi lake. Dada mkubwa wa Obadia, Dikeledi, alikuwa amekaa kiti cha pili. Alimwona wifi yake anajifunga aproni juu ya nguo nyeusi, akatoa macho.

"Unakwenda wapi? Mjane anakaa. Mazungumzo yanaanza."

"Narudi sasa hivi, dada. Anza na wengine."

Uani, Clémentine alikuwa anamngoja. Upawa ameusugua mpaka unang'aa. Alimpa kwa mpini, akarudi nyuma, akakunja mikono mgongoni.

Uzito ule ulipomkaa mkononi, Mama Ulimboka alipata furaha ambayo hakuwa ameipata tangu Obadia afe. Alizungusha upawa sufuriani mara moja, akainua kidevu.

"Wazee mbele!"

Wazee walikuja, na mambo yakaenda. Hawa aliwajua wote, na nyumba zao, na meno yao. Watoto waliokuwa wameshasogea na sahani, kama walivyozoeshwa, aliwarudisha nyuma kwa jicho. Walisimama pale ukutani hawaelewi wamekosa nini.

Kisha zikaja sura asizozijua. Msichana na mtoto mgongoni.

"Wewe wa nani?"

"Mama, mimi mke wa Parfait."

"Parfait yupi?"

"Wa Pretoria, mama. Tulihamia mwaka jana."

Upawa ulining'inia juu ya sufuria. Mnofu au mfupa? Nyuma yake alisikia sauti ya Clémentine, ndogo, ya kumsaidia: "Mama, mutoto yake ametoka hospitali. Umupatie laini."

Mama Ulimboka akampa mfupa.

Akaja mwingine asiyemjua, na mwingine. Kila mmoja alimwuliza wa nani, wa wapi. Zamani aliwajua wote kwa sababu wote walipita kwake. Hawa walifika wakati amelala, na mlango walioingilia ulikuwa mwingine. Foleni ikapinda mpaka nje ya geti. "Eish," alisema mtu huko nyuma, "imekuwa foleni ya kuombea karatasi za ukimbizi!" Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko cha ile picha.

Hapo ndipo kipaza sauti kilipomfikia kutoka hemani. Dikeledi alikuwa anasimulia.

"Kaka yetu alimpata mke wake Lusaka," alikuwa anasema kwa Kitswana, anajitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya vijana, "kwenye dansi. Binti mwenye aibu, hasemi kitu. Kaka ndiye aliyemfundisha kila kitu, hata kupika."

Hema likacheka kwa upendo. Mama Ulimboka alisimama na upawa hewani, mchuzi unadondokea aproni.

Lusaka! Dansi! Hakuwahi kufika Lusaka maisha yake yote. Na kumfundisha kupika! Alitazama kupitia ukingo wa hema. Lerato amesimama mbele, simu ameinua, anarekodi. Vijana wote wameinua simu. Katika watu wote waliokuwa pale, hakuna hata mmoja aliyekuwepo Mazimbu. Wote wameshakufa au wametawanyika. Amebaki yeye, na yeye yuko hapa anauliza watu ni wa nani, na Obadia wake anachukuliwa kule kwa kipaza sauti, kipande kwa kipande.

Hakuwahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea Dikeledi wakati ule. Hata wivu wake kwa Clémentine ulipoa kidogo.

Alifungua aproni. Clémentine hakunyoosha mkono. Alibaki vilevile, mikono mgongoni, anangoja. Mama Ulimboka alimtazama. Kisha akatazama nyuma yake, pale ambapo Mwatumu alikuwa ameinama anapuliza moto kama siku zote, majivu kwenye mtandio.

"Mwatumu!"

"Abee, dada."

"Shika."

Mwatumu aliinuka polepole. Aliutazama ule mpini kama mtu anayetazama nyoka asiyejua kama amekufa.

"Mimi?"

"Nimesema Kichina? Shika, watu wana njaa."

Nusu ya tendo lile ilikuwa haki iliyochelewa. Nusu nyingine ni kwamba hakutaka kumwona Clémentine nao. Nusu zote mbili zilikuwa zake, na hakuwa na muda wa kuzitenganisha.

"Asante Mungu," Clémentine alisema, na alimaanisha. "Njaa ilikuwa inaniua."

Mwatumu akageukia foleni. "Haya!" alipaza. "Watoto wote, mbele!"

Mama Ulimboka aliingia hemani na fimbo yake, akapita katikati ya viti mpaka mbele, akanyoosha mkono kwa Dikeledi, akasubiri mpaka kipaza sauti kikawekwa kiganjani.

"Dada yangu," alisema, "Lusaka labda ulikwenda wewe. Mimi sijafika."

Watu wakacheka, Dikeledi naye akafunika mdomo. Mama Ulimboka hakuketi. Alizungumza Kiswahili, na Lerato akasimama kando kuwatafsiria wenzake. Aliwaambia habari za Mazimbu, za mto Ngerengere siku ya mafuriko, kanga yake ilivyochukuliwa na maji na Obadia alivyojitupa kuifuata, mtu asiyejua kuogelea hata kidogo, akavutwa kwa kamba na vijana wa shule huku anatapika maji, kanga ameing'ata kwa meno. Wazee wa Motaung walikuwa wameacha kunung'unika. Kisa hiki walikuwa hawajawahi kukisikia, na hakuna mwingine ambaye angewapa.

Alipoinua macho kupumua, aliona uani kupitia mlango wa hema. Clémentine amekaa juu ya kreti la bia, anakula kwa mkono, mchuzi mpaka kwenye kifundo. Hana upawa, hana chochote. Na watu, wakishachotewa na Mwatumu, hawaendi kwenye viti, wanakwenda kule. Watoto wamekaa miguuni pake, mke wa Parfait ameegemea bega lake, na mlinzi mmoja mwenye sare amechuchumaa anamweleza jambo, na yeye anamsikiliza huku anatafuna.

Kipaza sauti kilimshuka mpaka kifuani.

"Bibi?" Lerato alinong'ona. "And then? Halafu?"

Mama Ulimboka aligeuka akaupa mlango mgongo, akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, na akapandisha sauti.